Sabuni yenye nembo inavuka, muuguzi mwenye leseni anakwama

Katoni ya sabuni iliyotengenezwa Dar es Salaam na kupigwa nembo ya Shirika la Viwango Tanzania ikifika Namanga haitakiwi kuanza kupimwa upya. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya viwango na ubora ya mwaka 2006 inazitaka nchi wanachama kutambuliana nembo. Wafanyabiashara wanajua utekelezaji una mikwaruzo yake, na kila mwenye mzigo ana kisa cha ofisa aliyeng'ang'ania karatasi isiyohitajika. Lakini angalau ipo sheria ya kumwonyesha ofisa huyo. Muuguzi aliyesomea kazi yake miaka mingi, akiwa na leseni halali ya upande mmoja, akivuka hatua mia mbili kwenda upande wa pili anahesabika kama mtu wa kawaida mpaka baraza la huko limpitishe kwa taratibu zake.

Mwenye duka la mitumba anaweza kuuliza hili linamhusu nini. Linamhusu kwa sababu mtu anayeishi kwa kuvuka mpaka huugua akiwa safarini. Presha humpanda Mutukula na dawa zimebaki nyumbani. Mtoto aliyebebwa mgongoni hupata homa Rusumo usiku. Mjamzito aliyekwenda kufuata vitenge hushikwa na uchungu kabla ya kurudi. Katika zahanati na vituo vya afya vya mipakani, anayempokea mara nyingi si daktari. Ni muuguzi au tabibu. Kwa hiyo swali la muuguzi huyo anaruhusiwa kufanya nini, na kibali chake kinafika wapi, ni swali la mfuko na uhai wa mfanyabiashara kuliko maswali mengi yanayojadiliwa katika kumbi za Arusha.

Dunia imelijibu swali hilo kwa namna nyingi. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Colorado huko Marekani, muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walianzisha mafunzo ya kumwongezea muuguzi ujuzi wa kupima na kutibu, kwa kuwa watoto wa maeneo ya mbali walikosa madaktari. Hapo ndipo alipoanzia yule anayeweza kuitwa muuguzi mbobezi: muuguzi aliyesajiliwa, akaongezewa masomo, kisha sheria ikamruhusu kutambua ugonjwa, kuandika dawa na kutoa rufaa kwa jina na sahihi yake mwenyewe. Uingereza mwaka 2006 iliwafungulia wauguzi waliofuzu somo la kuandika dawa karibu orodha yote ya dawa. Afrika Kusini mwaka 2010 iliamua wauguzi waanzishe wagonjwa wa virusi vya Ukimwi katika dawa za kufubaza virusi, na utafiti mkubwa wa jimbo la Free State uliochapishwa 2012 ulionyesha kuwa wagonjwa waliohudumiwa na wauguzi hawakuwa na hali mbaya kuliko waliohudumiwa na madaktari.

Hata hivyo, mfano unaopaswa kusomwa kwanza katika ukanda huu hautoki ng'ambo. Uko Uganda. Mwaka 1993 Dk. Anne Merriman alianzisha Kampala hospisi ya Hospice Africa Uganda, kwa ajili ya wagonjwa ambao ugonjwa wao hauponi tena lakini maumivu yao yanaweza kutulizwa. Dawa ya maumivu hayo, mofini ya kunywa, si ya gharama kubwa: ni unga unaochanganywa na maji kwa vipimo na kutiwa kwenye chupa. Kikwazo kilikuwa sahihi. Mofini ni dawa inayodhibitiwa, na anayeiandika lazima atajwe na sheria. Madaktari walikuwa wachache na walikuwa mijini, ilhali wagonjwa wa saratani walikuwa vijijini wakilia usiku.

Mwaka 2004 Uganda ikabadilisha kanuni zake. Muuguzi au tabibu aliyesomea tiba shufaa, katika kozi ya miezi tisa, akaruhusiwa kuandika mofini ya kunywa. Hakuna nchi nyingine iliyokuwa imefanya hivyo kwa wauguzi kwa namna hiyo wakati huo, na wageni kutoka nchi tajiri wamekuwa wakienda Kampala kujifunza. Kanuni hiyo haikumgeuza muuguzi kuwa daktari. Ilichagua kazi moja, ikaweka mafunzo ya kazi hiyo, ikaandika jina la anayeruhusiwa, ikaacha udhibiti wa dawa mahali pake. Wanaosema Afrika Mashariki haiko tayari kwa wauguzi wa ngazi hiyo wanasahau kwamba imekwisha kuwa nao kwa zaidi ya miaka ishirini.

Sasa mtu aende Busia. Mji ni mmoja kwa jina na kwa biashara, nchi ni mbili. Mama anayeuza samaki upande wa Kenya, mwenye saratani ya mlango wa kizazi, anaweza kuwa na dada aliyeolewa upande wa Uganda na akahudumiwa huko na muuguzi wa tiba shufaa. Siku anaporudi kwake, karatasi ya muuguzi yule haina nguvu tena. Chupa aliyoibeba ni dawa inayodhibitiwa, na mpakani inaweza kumletea maswali ambayo gunia la mahindi haliwezi kumletea. Muuguzi hakupungukiwa ujuzi kwa sababu mgonjwa amevuka, wala maumivu hayajui kuwa yamebadilisha nchi. Kilichokosekana ni serikali mbili kukubaliana kwamba sahihi ile ni sahihi.

Itifaki ya Soko la Pamoja imekuwa ikifanya kazi tangu tarehe 1 Julai 2010, na Ibara ya 11 inazitaka nchi wanachama zitambuliane vyeti vya elimu na taaluma. Wasanifu majengo na wahasibu walisaini makubaliano yao 2011, wahandisi wakafuata 2012. Ni kama vile Jumuiya iliona ni muhimu zaidi jengo lichorwe na mtu anayetambulika pande zote kuliko mama ajifungue mikononi mwa mtu wa namna hiyo. Wauguzi hawakuwamo katika kundi lile la kwanza, na sababu mojawapo ni kwamba hawakuwa na msukumo wa kampuni kubwa nyuma yao. Mhandisi akikwama, mkandarasi hupiga simu wizarani. Muuguzi akikwama anayeumia ni mgonjwa, na mgonjwa hana simu ya waziri.

Si Afrika Mashariki peke yake yenye tatizo hili. Marekani, nchi moja yenye bendera moja, ina sheria za wauguzi wabobezi zinazotofautiana jimbo kwa jimbo. Katika New Mexico muuguzi wa aina hiyo anaweza kufungua kliniki na kutibu bila daktari wa kumsimamia. Akivuka kuingia Texas lazima awe na mkataba na daktari ndipo aandike dawa. Wauguzi wa kawaida wa majimbo mengi wana leseni moja inayokubalika katika majimbo yaliyojiunga, lakini mkataba wa namna hiyo kwa wauguzi wabobezi unahitaji majimbo saba yauridhie ndipo uanze, na safari imekuwa ya kusuasua. Umoja wa Ulaya nao unamtambua moja kwa moja muuguzi wa kawaida aliyesoma angalau saa 4,600, ila muuguzi mbobezi hupimwa kwa taratibu za kila nchi. Ngazi ya chini huvuka kirahisi, ya juu hukwama. Jumuiya ikianza mapema, kabla kila nchi haijajenga ukuta wake, inaweza kuepuka kazi ya kubomoa ambayo Marekani inahangaika nayo leo.

Madaktari wana pingamizi lao, na halifai kudharauliwa. Wanauliza nani atabeba lawama muuguzi akikosea, na kama serikali haitatumia wauguzi kama njia ya bei nafuu ya kukwepa kuajiri madaktari. Swali la pili ni zito kuliko la kwanza. Serikali za ukanda huu zina historia ya kumpa mtu kazi ya watatu na mshahara wa mmoja. Kuhusu lawama, hali ya sasa ndiyo mbaya zaidi. Muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku tayari anatambua malaria, anaandika dawa ya presha, anaamua nani apelekwe rufaa. Anafanya hivyo bila kanuni ya kumlinda. Likitokea la kutokea, husimama peke yake mbele ya baraza, na wale waliomwacha na zamu ile hawapo.

Pia ukanda huu una mazoea yake ya kugawana kazi za daktari, tena ya muda mrefu. Kenya ina matabibu wenye baraza lao la kisheria. Tanzania ilianza kufundisha madaktari wasaidizi miaka ya 1960, na utafiti wa mikoa ya Mwanza na Kigoma uliochapishwa 2009 ulikuta kwamba ndio waliokuwa wakifanya sehemu kubwa ya upasuaji mkubwa wa uzazi, bila matokeo yao kupitwa kwa kiasi cha kushtua na ya madaktari kamili. Hao ni watu wa thamani. Lakini wingi wa vyeo umeleta kizunguzungu: mwenye madaraka fulani Arusha hana mwenzake anayeitwa hivyo Kampala, na mgonjwa wa Goma au Bujumbura hajui amkabidhi nani karatasi yake. Kila nchi mpya inayoingia katika Jumuiya, Kongo mwaka 2022 na Somalia baada yake, inaongeza majina mengine kwenye rundo lile.

Elimu nayo ina mtego. Baraza la Kimataifa la Wauguzi, katika mwongozo wake wa 2020, linasema muuguzi mbobezi awe na shahada ya uzamili. Ni lengo jema, na vyuo vikuu vya ukanda huu vinaweza kulifikia. Lakini Jumuiya ikiandika kwamba bila shahada hiyo hakuna kutambuliwa, itakuwa imemfuta kwa kalamu muuguzi wa Uganda wa miezi tisa, ambaye ndiye anayefanya kazi. Botswana, iliyoanza kufundisha wauguzi wa familia mwanzoni mwa miaka ya 1980, haikungoja shahada za uzamili zijae nchini. Kwa upande mwingine, Jamaika ilifundisha wauguzi wabobezi tangu miaka ya 1970 na ikawaacha miongo mingi wakisubiri sheria ya kuwaruhusu kuandika dawa. Kusoma bila sheria ni sawa na kupakia lori bila kibali cha kutoka ghalani. Busara ni kuwa na ngazi mbili: mmoja aliyesomea kazi moja mahususi na kuruhusiwa kazi hiyo tu, na mwingine mwenye shahada na madaraka mapana.

Wapo wanaohofia kwamba kufungua mipaka kutahamisha wauguzi wote kwenda panapolipa vizuri. Hofu hiyo imechelewa. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2025 kuwa dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8 mwaka 2023 na ilipungukiwa wengine milioni 5.8. Nchi tajiri zinawatafuta kwa tochi. Kenya ilisaini na Uingereza makubaliano ya kupeleka wauguzi mwaka 2021. Njia ya kutoka Nairobi kwenda London imeandikwa hatua kwa hatua. Ya kutoka Nairobi kwenda Moshi muuguzi anajitafutia mwenyewe. Anayetaka kuondoka ataondoka. Kinachoweza kufanywa ni kumpa sababu ya kubaki karibu, kwa cheo kinachotambulika na mshahara unaolingana nacho.

Chombo cha kuanzia kipo. Chuo cha Uuguzi cha Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika kilianzishwa 1990 na makao yake yako Arusha. Kinafahamu mitaala na mabaraza ya nchi hizi kuliko kamati yoyote mpya itakayoundwa kwa posho. Mawaziri wa afya wa Jumuiya wangekitaka kitengeneze orodha fupi ya kazi tatu au nne, ikiwa ni pamoja na tiba shufaa, presha na kisukari, na ukunga, kisha kila nchi iseme ni mafunzo gani inayakubali kwa kila kazi. Majaribio yasianze Nairobi wala Kigali bali katika hospitali zilizo jirani na vituo vya pamoja vya forodha, ambako wagonjwa wa nchi mbili wanakaa benchi moja tayari.

Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani vimezoea kupigania mambo yao: ushuru wa nyanya, fomu rahisi ya cheti cha uasilia, saa za kufunga geti. Vina viti katika mikutano ambayo wauguzi hawaalikwi. Itakapofika zamu yao ya kutaja vikwazo visivyo vya kiforodha, waongeze kwenye orodha sahihi ya muuguzi.