Kuacha pombe ukilala kwako: inawezekana, lakini si kwa kila mulevi

Kijana akishikwa na kanyanga hapa kwetu, familia inajua njia tatu: kumufungia mu chumba, kumupeleka ku maombi, ao kumuachia polisi. Njia ya ine, ile ya kituo cha afya cha kartiye, wachache njo wanaifikiria.

Wengi wanasema kama matunzo ya ulevi ni kulala ku hospitali ya wagonjwa wa akili tu. Hospitali hizo ziko: SOSAME kule Bukavu, Tulizo Letu kule Goma. Lakini mutu wa Shabunda ao wa Walikale atafika kule namna gani? Na akifika, lazima ndugu mumoja aache shamba, amulinde na kumupikia.

Kuna matunzo ingine, ya kwenda na kurudi. Siku ya kwanza infirmiye anauliza: unakunywa kiasi gani, ulikunywa mara ya mwisho saa ngapi, ulishaanguka kifafa ulipoacha? Anapima tansio. Kama hali si kali, anatoa dawa ya kutuliza mwili, kipimo kinapunguzwa kila siku, pamoja na vitamini B1. Mugonjwa anarudi kuonekana kila siku, karibu juma moja. Kisha mazungumuzo inaendelea miezi mingi, juu kutoa pombe mu mwili ni mwanzo tu. Kwa bangi hakuna dawa maalum ya kuiachisha: mazungumuzo na kufuatiliwa njo matunzo yenyewe.

Lakini tusidanganyane. Mutu aliyekunywa sana miaka mingi, akikatiwa pombe kwa gafula, anaweza kufa. Ndani ya siku moja anaanza kutetemeka na kutoka jasho. Mu siku mbili za kwanza kifafa kinaweza kumuangusha. Siku ya pili ao ya tatu anaweza kuanza kuona vitu visivyokuwako na kupoteza akili. Familia inasema ni mashetani, kumbe ni mwili unaodai pombe. Ndiyo maana kumufungia mulevi mu chumba ni hatari. Maombi hayakatazwe, lakini yaende pamoja na munganga. Na musinunue dawa za usingizi ku farmasi ya kando ya barabara: zikichanganyika na pombe, zinaweza kuzima pumzi.

Nani basi alazwe? Yule aliyeshaanguka kifafa ao kuchanganyikiwa alipoacha pombe, mama mwenye mimba, mwenye ugonjwa mwingine mukali, anayesema anataka kujiua, na yule asiye na mutu wa kumuangalia nyumbani.

Hapo njo tunaona uzaifu wa matunzo haya. Mugonjwa anatoka ku kituo, anapita mbele ya muuzaji wa kanyanga kila siku. Pengine muuzaji ni mama yake mwenyewe, anayelipa masomo ya watoto na chupa hizo. Bila familia kukubali kubadilisha kitu nyumbani, dawa ya juma moja haitoshi. Na akirudilia pombe, asifukuzwe: arudi ku kituo, wanaanza tena.

Shida ya pili ni ya serikali. Tangu 2008, OMS iko na programu ya mhGAP, inayofundisha infirmiye na waganga wa kawaida kutunza magonjwa ya akili, pamoja na ulevi wa pombe na madawa ya kulevya. Inchi yetu nayo iko na Programu ya Taifa ya Afya ya Akili, yenye kutaka matunzo hayo yaingie mu vituo vya kawaida. Ku karatasi ni muzuri. Lakini kituo kisicho na infirmiye aliyefundishwa wala dawa kitamurudisha mugonjwa nyumbani vilevile alivyokuja.

Kwa hiyo kila aire ya afya iko na swali la kupeleka mbele ya CODESA yake: kwetu, nani amefundishwa kutunza ulevi? Dawa ziko? Mugonjwa analipa ngapi? Kama kuja ku kituo kunalipwa bei kubwa kuliko chupa ya kanyanga, tunajua kijana atachagua nini.