Bia Ipimwe kwa Ujazo, Si kwa Chupa

Jadi, wazee wa Kisii na Nyamira waliketi kukizunguka chungu kimoja, wakanywa amarwa kwa mirija mirefu, wala hapana aliyedai kipimo. Chupa ndiyo iliyoleta kipimo na bei. Wanywaji wengi wa Kenya wamezoea chupa ya mililita 500, ilhali baadhi ya viwanda vidogo vipya hutumia ya mililita 330. Bei zikilingana, mnunuzi hupungukiwa na mililita 170, takriban theluthi moja ya kinywaji.

Watetezi hushikilia kuwa ladha ina gharama, kwani kiwanda kidogo hakinunui kimea wala chupa kwa wingi. Hoja hiyo ina mashiko, lakini haihalalishi kumficha mnunuzi hesabu. Bia ya Senator ya kegi, iliyoanza mwaka 2004, ilipendwa kwa kuwa iliuzwa kwa kikombe, tena kwa nafuu ya ushuru. Ushuru ulipopandishwa mwaka 2013, mauzo yaliporomoka, na pombe haramu ikapata mwanya.

Waama, bei isiyoeleweka humwumiza maskini kwanza. Basi kila baa ibandike ukutani bei pamoja na ujazo, mnunuzi ajichagulie akijua.