Nane Yenu, Tatu Yangu

Ukurasa wa kwanza niliona 12. Wa pili niliona 3. Wa tatu niliona 5. Nilijibu haraka, kwa sauti ya kijana aliyeambiwa kwamba jeshini kusitasita ni dhambi. Mpimaji hakuinua uso. Alifunga kitabu, akaandika kitu kwenye fomu yangu, akasema, "Anayefuata."

Nilikuwa na miaka 19 na nilitaka kuwa rubani wa ndege za kivita. Nilikuwa nimeshavuka mbio, usaili na mtihani wa hesabu. Siku hiyo nilitolewa damu, nikapigwa eksirei ya kifua, nikapimwa masikio, meno, moyo, urefu nikiwa nimesimama na urefu nikiwa nimeketi. Jioni yalisomwa majina. Langu halikusomwa. Nilipouliza, afande mmoja alinijibu, tena kwa upole: "Kijana, vipimo vimekukataa. Nenda nyumbani." Vipimo vipi, afande? "Vipimo."

Sitalitaja jeshi wala kituo. Nimeshaongea na vijana wa zaidi ya upande mmoja wa mipaka yetu, na kisa chao ni hiki hiki, kwa hiyo kutaja jina kungewapa wengine nafasi ya kujifanya hawahusiki. Ninachotaka kusema ni kimoja. Jeshi lina haki ya kunikataa. Halina haki ya kunikataa bila kuniambia sababu, wala kwa kutegemea kipimo kimoja ambacho hakijibu swali linaloulizwa.

Nianze na sababu, kwa kuwa hapo ndipo nilipoumia.

Kwetu kijana akirudishwa kwenye vipimo vya jeshi, mtaa haufikirii macho. Mtaa unafikiria damu. Sikuambiwa kitu usoni. Niliona tu watu wakinisalimia kwa huruma ambayo sikuiomba. Wiki ya tatu shangazi alikuja, akakaa sana, akasubiri mama atoke, kisha akasema, "Baba, siku hizi dawa zipo, watu wanaishi. Twende tukapime, mimi nitakushika mkono." Tulikwenda. Sikuwa na virusi. Shangazi alilia kwa furaha, na mimi nikalia kwa sababu nyingine: hata mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuamini. Usiku nililala nikiuhesabu mwili wangu, kiungo kwa kiungo, nikitafuta kilichooza.

Jibu nililipata miezi saba baadaye kwenye kliniki ya macho, nilikokwenda kwa ajili ya maumivu ya kichwa. Daktari alitoa kitabu kile kile. Nikasema 12, 3, 5. Akatabasamu kidogo. "Ukurasa wa pili ni 8," alisema. "Watu wenye macho kama yako huona 3. Na hapa ni 6, wewe umeona 5." Alinieleza kwamba ndani ya jicho kuna koni za aina tatu zinazotusaidia kutofautisha rangi, na kwamba zangu za kijani hazifanyi kazi kama za wengine. Watu huita hali hii upofu wa rangi, jina baya, maana rangi naziona. Kinachonishinda ni kutenganisha baadhi ya wekundu na baadhi ya kijani.

Ghafla utoto wangu wote ukaeleweka. Mama aliuza nyanya sokoni, na kila aliponituma kuchagua zilizoiva nilirudi na mchanganyiko. Aliniita mvivu. Nikajifunza kuzibonyeza kwa dole gumba, na nikawa hodari kuliko dada zangu. Hakuna mwalimu aliyenipima, darasa la kwanza hadi kidato cha mwisho. Nilipomweleza mama, alinyamaza, kisha akasema babu, baba yake, naye kila mara alikuwa akiuliza kama embe limeiva. Jeni za koni nyekundu na za kijani ziko kwenye kromosomu X, na mtoto wa kiume X yake huipata kwa mama. Mama alilisikia hilo kama hukumu. "Kumbe ni mimi niliyekuharibia." Ilinichukua siku nyingi kumtoa katika wazo hilo.

Sasa kuhusu kipimo chenyewe.

Tabia ya kupima macho ya rangi haikuanzia angani. Ilianzia relini. Mwaka 1875 treni mbili ziligongana Lagerlunda, Uswidi, na mtaalamu wa fiziolojia Frithiof Holmgren akashuku kwamba kulikuwa na mtu aliyeshindwa kusoma rangi za ishara. Akaanza kuwapima wafanyakazi wa reli kwa nyuzi za sufu. Kitabu nilichofunguliwa mimi ni cha mwaka 1917, kazi ya Shinobu Ishihara, daktari wa macho wa Kijapani aliyeagizwa na jeshi la nchi yake atafute namna ya kuwachunguza askari. Ni kazi nzuri sana. Kwa dakika chache kinamtambua mwenye kasoro ya wekundu na kijani. Toleo kamili lina kurasa 38, na limedumu zaidi ya miaka 100 kwa sababu linafanya kazi yake.

Lakini kazi yake ni kuuliza: je, kuna kasoro? Hakikutengenezwa kuuliza: je, kasoro hii inatosha kumzuia mtu huyu kutua salama? Hayo ni maswali mawili. Nasoma shahada ya uzamili ya takwimu, na somo la kwanza tulilofundishwa kuhusu vipimo ni kwamba kuna makosa ya aina mbili: kumpitisha asiyefaa, na kumkataa anayefaa. Anayehesabu kosa moja tu hajapima. Amejikinga.

Najua jibu litakalotolewa, na ni jibu zito. Ndege ina taa nyekundu bawa la kushoto na ya kijani bawa la kulia, na usiku hiyo ndiyo lugha inayokuambia mwenzako anaelekea wapi. Pembeni mwa njia ya kurukia kuna taa nne: mbili nyeupe na mbili nyekundu, uko sawa, zote nyekundu, uko chini mno. Katika ndege ya kivita ya kiti kimoja hakuna wa kumuuliza, "Ile ni rangi gani?" Na iko ajali ya kweli. Julai 2002 ndege ya mizigo ya FedEx, Boeing 727, ilianguka ikijaribu kutua Tallahassee, Marekani, kabla ya alfajiri. Msaidizi wa rubani, aliyekuwa akiirusha, alikuwa na kasoro ya rangi. Wote watatu waliokuwemo walinusurika wakiwa wameumia. Wachunguzi walitaja uchovu wa wafanyakazi, na walitaja macho yale.

Sikimbii ajali hiyo. Ndiyo hoja yangu. Mtu yule hakupenya kwa siri. Kasoro yake ilijulikana, na vipimo vya wakati ule vilimruhusu. Ndiyo maana wachunguzi walitaka vipimo vyenyewe vichunguzwe upya. Kipimo kisicholingana na kazi kinakosea pande zote mbili: kinampitisha anayepaswa kuzuiwa, na kinamzuia anayeweza kupita.

Na vipo vilivyo bora. Chuo Kikuu cha City, London, kilitengeneza kipimo cha kompyuta kinachoonyesha ukubwa wa kasoro, wakaulinganisha na uwezo wa kusoma zile taa nne. Ripoti iliyotolewa na mamlaka ya anga ya Uingereza mwaka 2009 ilionyesha kwamba takriban theluthi ya wenye kasoro wanazisoma taa hizo sawa na watu wengine. Tangu 2011 Jeshi la Anga la Marekani hutumia kipimo kingine cha kompyuta, kinachotoa alama kwa kila aina ya koni peke yake. Jeshi hilo halikulegeza kamba. Kipimo kile kinawanasa hata watu ambao kitabu huwakosa. Sidai urahisi. Nadai jibu sahihi. Huenda ningekaa kwenye kompyuta hiyo nikaanguka vibaya, na ningeondoka nikiwa nimekataliwa kwa haki.

Kuna ubaya mwingine wa kutegemea kitabu peke yake: kurasa zake hazibadiliki. Anayejua kasoro yake mapema anaweza kuzikariri kama meza ya kuzidisha. Kwa hiyo nani anapita? Aliyejua akadanganya. Nani anarudishwa? Aliyesema kweli kile alichokiona. Chombo kinachohitaji uaminifu kuliko chochote kinaanza kwa kuuadhibu.

Wapo watakaosema: waombaji ni maelfu, nafasi ni chache, nani ana muda wa kumweleza kila mmoja? Sawa. Kama ni mchujo wa kupunguza watu, uitwe hivyo. Lakini msichukue uhaba wa nafasi mkauandika kwenye mwili wa mtu kama ugonjwa. Na ukimya hauligharimu kijana peke yake. Asiyeambiwa sababu hutafuta yake. Nusu ya niliorudi nao siku ile wanaamini hadi leo kwamba nafasi zao walipewa watoto wa wakubwa. Labda si kweli. Mstari mmoja wa wino ungetosha kuwaondolea shaka hiyo.

Ninachodai si kikubwa. Watoto wapimwe shuleni, mapema. Kitabu kimoja kinatosha shule nzima. Anayeanguka kwenye kitabu apelekwe kwenye kipimo cha pili kinachofanana na kazi yenyewe. Na kila anayerudishwa kwa sababu za afya arudi na karatasi yenye jina la tatizo, apewe yeye na si mtu mwingine. Kati ya watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini, takriban mwanamume 1 kati ya 12 ana macho kama yangu. Kwa Waafrika uwiano ni mdogo zaidi, lakini tupo, na wengi wetu hatujui.

Dada yangu ana mtoto wa kiume wa miaka tisa. Kila ndege ikipita hutoka nje. Mwezi uliopita niliazima kile kitabu, nikamkalisha mezani mchana kweupe, nikafungua ukurasa wa pili.

"Unaona namba gani, mjomba?"

"Tatu."

Nikamwambia nini maana yake. Aliuliza kama ataweza kurusha ndege. Nikamwambia za kivita huenda milango ikafungwa, za abiria inategemea kipimo na nchi, na kwamba tutaenda pamoja kuuliza kabla hajaweka moyo wake wote huko. Akafikiri kidogo, kisha akataka kujua kama marubani hubonyeza nyanya.

Mazungumzo yote yalichukua dakika kumi. Mimi nilisubiri miezi saba, na shangazi akanishika mkono kunipeleka kupima damu.