Mgeni Anatua Bujumbura: Gari Lake Linalipwa na Nani?



Masomo yamefungwa, kiangazi kimekausha barabara, na telefone zimeanza kulia. Huyu ana dada yake anayekuja toka Marekani baada ya miaka mingi. Yule ana wajukuu wanaovuka toka Kigoma, waliozaliwa kule kambini Nyarugusu na hawajawahi kuiona Lubondja. Wote wanasema neno moja: tunataka kufika nyumbani, tena tupumzike siku mbili tatu pale Baraka, tuoge ziwa, tule mikeke. Ni habari ya furaha. Lakini ndani ya furaha hiyo kuna swali ambalo wengi wetu tunaona haya kuliuliza: gari la kumtoa huyo mgeni uwanja wa ndege na kumleta hapa, nani amelipanga, na nani atalilipa?

Mara nyingi swali hili linaulizwa siku gari limekwisha kusimama uani. Mama mmoja wa jirani alimpokea shemeji yake na watoto watatu. Shemeji alijua kwamba mdogo wake wa Uvira amelipa. Mdogo wa Uvira alijua kwamba dereva atalipwa akifika. Dereva naye alikuwa akihesabu na siku aliyolala akingoja, kwa sababu ndege ilichelewa. Nyimbo za kupokea wageni zilipokwisha, dereva alikuwa bado amekaa chini ya mwembe. Mama akaingia ndani, akatoa pesa aliyokuwa ameipata kwa AVEC, ile ya minervali ya mwezi wa tisa, akalipa kimyakimya ili mgeni asipate aibu. Mgeni mwenyewe hajui mpaka leo.

Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji huyu hakupona. Tena hakuna mwizi katika habari hii. Kila mmoja alikuwa na nia njema, ila hakuna aliyetaja bei, kwa sababu kwetu kumtajia mgeni pesa kunaonekana kama kumfukuza. Mimi naona kinyume chake. Kumuuliza mgeni mapema ni kumheshimu, na ni kumlinda yule mama ambaye mwisho wa yote ndiye anayefunguliwa mfuko.

Safari moja, vipande vinne

Huku kwetu Fizi hakuna ndege kubwa ya abiria inayotua. Kwa hiyo mgeni anayetoka mbali mara nyingi anatua Bujumbura. Kutoka uwanja ule mpaka Uvira si mbali, haifiki kilomita 40, lakini katikati kuna mpaka: Gatumba upande wa Burundi, Kavimvira upande wetu. Baada ya Uvira kuna barabara ya kandokando ya ziwa, Makobola, Swima, Mboko, Nundu, mpaka Baraka. Halafu ndiyo njia ya kupanda huku kwetu, ambayo kila mmoja wenu anaijua kwa mgongo wake.

Sasa tuhesabu: uwanja mpaka mpakani, mpakani mpaka Uvira, Uvira mpaka Baraka, Baraka mpaka Lubondja. Ni vipande vinne. Mtu anapokuambia "nimempatia gari", muulize gari hilo ni la kipande gani. Taksi ya Bujumbura inaweza kuishia mpakani, na mgeni akabaki na masanduku yake akizungukwa na wabebaji na wabadilisha pesa. Bei uliyotajiwa inaweza kuwa ya kipande kimoja tu. Ndiyo sababu lazima mtu mmoja, si watatu, ashike safari nzima kichwani mwake tangu uwanjani mpaka mlangoni. Wengine wasaidie, lakini mmoja ajibu.

Kukodi gari zima au kulipa kiti?

Tufanye hesabu kama darasani. Hizi si bei za wiki hii, ni mfano tu. Tuseme kiti kimoja cha gari la wote ni dola 15, kila mzigo mkubwa dola 5, na gari zima la kukodi dola 120. Mgeni akija peke yake na mizigo miwili, gari la wote linamgharimu dola 25. Kukodi gari zima kwa ajili yake ni kutupa pesa. Lakini wakija watu watano na mizigo minane, viti ni dola 75 na mizigo dola 40, jumla 115. Hapo tofauti na gari zima ni dola 5 tu, na hawatabanwa, hawatangoja gari lijae, na mizigo haitapotea.

Kuna jambo jingine ambalo wamama wa biashara wanalielewa upesi. Gari linaloondoka Baraka kwenda kumchukua mgeni linateremka tupu mpaka Uvira. Dereva anaihesabu hiyo njia tupu ndani ya bei yako. Basi kabla hajaondoka, uliza katika kikundi nani ana ndagala za kupeleka, nani ana mgonjwa wa kusindikiza, nani anakwenda kununua vitambaa. Wakilipa viti vyao, bei yako ishuke. Lisemwe mbele ya dereva kabla, si baadaye.

Saa na tarehe

Hapa ndipo watu wazima na akili zao wanapotea. Tiketi ya ndege inaandika saa kwa hesabu ya ishirini na nne, na kila mahali kwa saa ya mahali pale. 14:30 ni saa nane na nusu ya mchana. Hiyo ni nyepesi. Ngumu ni hii: tiketi ikiandika tarehe 15, saa 00:40, ndege inatua usiku wa saa sita na dakika arobaini, katika usiku ule ulioanza jioni ya tarehe 14. Mpokeaji akienda jioni ya tarehe 15, mgeni atakuwa amekwisha kukaa pale uwanjani usiku na mchana. Omba upigiwe picha ya tiketi, usikubali kuambiwa kwa mdomo tu.

Bujumbura wana saa moja na sisi. Kigoma wako mbele yetu kwa saa moja: kwao ikiwa saa tatu, Baraka ni saa mbili. Anayepitia Kinshasa ajue kwamba kule wako nyuma yetu kwa saa moja. Tena unapopatana na dereva, taja "asubuhi" au "usiku", kwa maana wengine wanahesabu Kifaransa na wengine Kiswahili, na saa mbili ya mmoja ni saa nane ya mwingine.

Mpaka nao una saa zake za kufunga, na umewahi kufungwa kabisa zaidi ya mara moja. Mgeni akitua jioni, alale Bujumbura, avuke asubuhi. Pesa ya kulala usiku mmoja iwekwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Maneno ya kupatana na dereva

Yaandikeni kwenye karatasi au kwenye ujumbe wa telefone, ili kila upande ubaki nayo. Kwanza, bei ni ya kutoka wapi mpaka wapi. Pili, ni ya gari zima au ya viti, na kama ni gari zima, dereva haruhusiwi kupakia mtu mwingine njiani. Tatu, mafuta na malipo ya vizuizi ni ya nani. Nne, ndege ikichelewa, siku ya kungoja inalipwa bei gani. Tano, gari likikwama au likiharibika, nani anatafuta jingine. Sita, pesa inalipwa lini na inatoka mkononi mwa nani.

Juu ya malipo, usitume yote kabla. Sehemu ya mafuta itangulie, iliyobaki ilipwe mgeni akifika na masanduku yamehesabiwa. Kama ndugu wa ng'ambo ndiye mlipaji, pesa iwe mkononi mwa yule anayeshika safari kabla dereva hajawasha gari. Ahadi ya "nitalipa nikifika" ndiyo inayomtoa mama pesa ya minervali.

Mwambieni pia mgeni mapema mambo haya manne. Dola aje nazo mpya na safi, kwa sababu huku noti iliyochanika hata kidogo inakataliwa. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano aiweke pamoja na pasipoti, maana Kongo wanaidai. Kama ana pasipoti ya ng'ambo, atafute viza ya Kongo kabla ya kuondoka, na aulize habari ya viza ya Burundi atakakopita. Hata akiwa mwana wa Fizi wa damu, pale DGM wanaangalia kitabu alichoshika. Na mizigo apunguze: sanduku linalotembea kwa magurudumu uwanjani, juu ya moto ya kupanda Lubondja ni mateso.

Mwanamke na mtoto njiani

Hili ni zito kuliko pesa. Msichana aliyekulia ng'ambo anashuka Baraka na masanduku, hajui njia, hajui bei, na lugha yake inaonyesha mara moja kwamba ni mgeni. Asiachwe achaguliwe na motari wa kwanza kumkimbilia. Motari awe mtu anayejulikana kwetu, jina lake na nyumba yake. Kwa gari, namba ya plaki itumwe kwa watu wawili: mmoja Uvira, mmoja nyumbani. Mgeni apige simu kwenye vituo mlivyopatana, tuseme mpakani, Mboko, na Baraka. Simu isipoingia, mtu aanze kuuliza mapema, asingoje usiku.

Jioni ikimkuta Baraka, alale Baraka. Mtoto asipandishwe moto peke yake na mtu asiyemjua, hata kama ni njia fupi. Na siku moja kabla ya safari, mpigie mtu anayeishi kandokando ya barabara ile, umuulize usalama ukoje. Habari ya wiki iliyopita haitoshi. Akisema subirini, subirini. Chakula cha wageni kinaweza kupikwa kesho.

Wanaokuja kwa maji

Kwa ndugu wanaovuka toka Kigoma, kanuni ni ile ile, na ziwa lina lake. Tunalipenda, linatulisha, lakini lina kina cha mita zaidi ya 1400 na upepo wake hauulizi mtu. Mwezi wa kumi na mbili wa 2014 meli iliyoitwa Mutambala ilipinduka katika ziwa hili upande wa Katanga, na watu zaidi ya 100 walikufa. Basi msichague boti kwa bei peke yake. Ulizeni linapakia watu wangapi, jaketi za kuokolea zipo kwa kila abiria au ni tatu za kuonyesha, na linaondoka saa ngapi. Boti likijaa mpaka maji yanakaribia ukingo, mwambieni ndugu yenu ashuke, nauli ipotee.

Na wale watakaopumzika Baraka kabla ya kupanda, wajue mapema watalala kwa nani au nyumba gani ya wageni, kwa siku ngapi. Watoto wa ng'ambo waliozoea kuoga kwenye bwawa lenye mlinzi wasiachiwe ziwa peke yao. Mtu mzima anayejua kuogelea awe pale pale majini, si kwenye kiti akila samaki.

Ombi langu kwa kikundi

Tuna daftari la AVEC, tuna daftari la mahudhurio. Naomba tufungue daftari la tatu, la safari. Ndani yake tuandike madereva na motari waliotubebea watu vizuri, bei walizochukua na tarehe, na pia wale waliobadilisha bei njiani. Tuwaombe ruhusa wenyewe kabla ya kuandika namba zao. Katibu alishike, na kila mama anayengoja mgeni aje alisome. Dereva anayejua kwamba jina lake liko mikononi mwa wamama arobaini ataendesha na kupatana kwa namna nyingine kabisa.

Wiki hii, kabla hujamwambia ndugu yako "karibu sana", mtumie kwanza ujumbe huu: "Tunakungoja kwa furaha. Safari ina vipande vinne, bei yake ni hii, pesa ya gari utaituma lini?" Hatakasirika. Wengi wao huko waliko hulipia gari la uwanja wa ndege kabla hata ya kupanda ndege, ni desturi yao. Sisi ndio tuliokuwa tunanyamaza.