Neno la Mhariri: Kinyama Kiende Maabara

Aliyesoma biolojia ya sekondari anaijua orodha: tishu za epithelia, tishu unganishi, tishu za misuli na tishu za neva. Huikariri, huijibia mtihani, kisha huisahau. Toleo hili linairudia, na si kwa ajili ya wanafunzi. Mgonjwa akigundulika ana uvimbe, tiba yake inategemea sana jibu la swali moja: umetokana na tishu ipi?

Twende Kampala. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya. Mwaka uliofuata aliuandika ugonjwa huo akiuita sarkoma, kundi la saratani zinazoanzia kwenye mifupa, misuli, mafuta na jamaa zake. Wanapatholojia walipokagua vinyama, yaani vipande vidogo vya tishu vilivyokatwa kwenye uvimbe, kwa hadubini wakaona mambo mengine. Ilikuwa limfoma, saratani ya seli za kinga. Tofauti hiyo ilikuwa na uzito kwa watoto wenyewe, maana kisu hakikufua dafu mbele ya uvimbe ule, ilhali dawa za saratani ziliwapa wengi wao nafuu ya haraka. Mwaka 1964, kutokana na vinyama vya uvimbe huo vilivyosafirishwa kutoka Uganda hadi London, kirusi cha Epstein-Barr kikaonekana kwa mara ya kwanza.

Saratani nyingi za watu wazima huzuka kwenye epithelia, yaani ngozi, utando wa ndani wa utumbo, tezi za matiti, shingo ya kizazi. Seli zake hazipumziki. Zile za utumbo mwembamba hujibadili karibu zote ndani ya siku chache, na kila seli inapogawanyika kosa linaweza kuingia. Misuli ya moyo na seli za neva ni kinyume chake: hazigawanyiki kwa urahisi, hivyo saratani zake ni nadra, lakini seli hizo zikifa pengo halizibiki na badala yake hujaa kovu. Ndiyo maana aliyepata shambulio la moyo hupona na moyo usio na nguvu ile ya awali. Kwenye tishu unganishi umo mfupa, gegedu, kano, mafuta na hata damu, jambo linalowashangaza wengi.

Haya yote hayaonekani kwa macho. Kinyama hutiwa kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi, hugandishwa ndani ya nta, hukatwa utepe wa maikromita nne au tano, kisha hupakwa rangi mbili: viini vya seli vikawa zambarau, sehemu nyingine waridi. Kikicheleweshwa kwenye chupa kavu seli huanza kuharibika, na mtaalamu hodari kuliko wote hawezi kusoma kilichooza. Chupa isiyo na jina nayo ni balaa. Kazi ya mwezi mzima ya daktari inaweza kupotea kwa sababu ya kibandiko cha karatasi.

Tunajua hofu iliyopo mitaani kwamba uvimbe ukiguswa na kisu, saratani husambaa. Kuchukua kinyama kwa utaratibu unaofaa husababisha hilo kwa nadra mno, na hatari hiyo haifikii hata kidogo ile ya kutibiwa kwa kubahatisha. Wanaochochea hofu hii huku wakiuza mitishamba ya kila uvimbe wanaua watu, na hatuoni sababu ya kulisema kwa upole.

Basi, msomaji, wewe au ndugu yako mkitolewa kinyama, ulizeni kimewekwa kwenye dawa gani, kinapelekwa maabara ipi na majibu yatatoka lini. Yakitoka, ombeni nakala ya maandishi na muitunze pamoja na kadi ya kliniki, kwa sababu kila daktari atakayefuata ataihitaji.