Usilipe studio tena kabla ya kujua waya zako

Wacha nianze na aibu yangu, ndipo ujue kwamba haya ninayokwambia yalinipata mwenyewe.

Mwaka jana kwaya moja ya mtaani kwetu ilinipa kazi ya kurekodi wimbo. Ulikuwa uchezwe Jumapili kwenye harambee ya kuchangia bili ya hospitali ya mwenzao. Tulielewana elfu sita, nusu mbele. Nilikuwa na kinanda cha zamani, moduli ya sauti niliyonunua mtumba pale Luthuli Avenue, na laptopu yangu ya chuo, kitu pekee cha maana nilichotoka nacho nilipoacha masomo mwaka wa pili. Nikarekodi sauti za waimbaji, nikapiga kinanda, na kwenye hedifoni kila kitu kilikuwa kinasikika safi. Saa kumi alfajiri, tokeni za stima zikikaribia kuisha, nikauhifadhi wimbo, nikautuma WhatsApp bila kuusikiliza, nikalala.

Kwenye harambee, sekunde ishirini za kwanza zilikuwa kimya. Watu wakadhani spika zimekufa. Kisha waimbaji wakaingia, sauti tupu, bila kinanda hata kidogo. MC akacheka kwenye maikrofoni. Jioni Mama Mwenyekiti akanipigia: “Kijana wangu, kinanda kilienda wapi?”

Manze, sikuwa na jibu. Nilirudisha zile elfu tatu.

Kinanda hakikwenda popote. Hakikuwahi kuingia kwenye laptopu. Hapo ndipo ulipo ugonjwa wetu sisi vijana tunaojiita maprodyusa: tunajua kununua vitu, kuvichomeka na kupiga selfi navyo, lakini hatujui kinachopita ndani ya waya. Kwa sababu hatujui, tunalipa. Tunalipa studio kwa saa, tunalipa fundi kutengeneza kitu kizima, tunauza kinanda kwa bei ya hasara tukidhani kimeharibika. Ujinga wetu ni biashara ya mtu mwingine.

Basi sikiliza, nikufunze nilichojifunza kwa elfu tatu na aibu.

Waya ya MIDI haibebi sauti. Rudia hapo: haibebi sauti. Umewahi kumwona makanga akigonga bodi ya matatu mara mbili na dereva aking'oa? Ule mgongo si mwendo wa gari. Ni ujumbe tu, na anayeendesha ni dereva. MIDI ni ule mgongo. Ukibonyeza kinanda, kinatuma ujumbe kwamba noti fulani imebonyezwa, kwa nguvu kiasi fulani, halafu imeachiliwa. Noti zina nambari kutoka 0 hadi 127, na ile C ya katikati ni 60. Moduli ya sauti ndiyo dereva: inapokea ujumbe na kutoa piano, zeze au ngoma.

Sasa unaona nilipopotelea. Laptopu ilikuwa imehifadhi mgongo wa makanga, nami nikadhani imehifadhi safari nzima. Sauti ya piano niliyokuwa nikiisikia ilitoka kwenye moduli moja kwa moja hadi masikioni mwangu. Nilipohifadhi wimbo, laptopu iliandika ilichokuwa nacho, yaani waimbaji peke yao.

Kwa hivyo kuna njia mbili, na usizichanganye. Njia ya kwanza ni ya ujumbe. MIDI OUT ya kinanda inaingia kwenye laptopu kupitia kebo ya MIDI yenye kichwa cha USB. Kutoka laptopu ujumbe unatoka na kuingia MIDI IN ya moduli. Kumbuka OUT huenda IN kila mara. Kwa kebo nyingi za bei nafuu, kichwa kilichoandikwa IN ndicho kinachochomekwa kwenye OUT ya kinanda, kwa maana ni IN ya laptopu. Ukichomeka ukaona kimya, vibadilishe. Hakuna kitakachoungua.

Njia ya pili ni ya sauti. Nyuma ya moduli kuna matundu mawili, kushoto na kulia. Yatoe hapo uyapeleke kwenye kisanduku cha kurekodia, kwenye tundu la line, halafu kisanduku kiende kwenye laptopu kwa USB. Usichomeke moduli kwenye lile tundu dogo la maikrofoni la laptopu. Hilo limetengenezewa mawimbi madogo ya maikrofoni, na mara nyingi hupokea upande mmoja tu. Moduli ikipiga kwa nguvu zake, utapata sauti ya kukwaruza kama redio ya kinyozi.

Kisha, na hii ndiyo sehemu niliyoiruka, ukishamaliza kurekebisha noti zako, fungua traki mpya ya sauti, bonyeza rekodi, na uache wimbo uchezwe mwanzo hadi mwisho moduli ikiimba. Hapo ndipo kinanda kinaingia kwenye wimbo. Halafu sikiliza faili kabla ya kuituma. Tafadhali.

Kuna mitego mingine midogo ambayo mafundi hula nayo. Ukibonyeza noti moja ukasikia mbili, kinanda hakina mapepo. Kinapiga sauti yake mwenyewe na pia kinapiga ile ya moduli. Tafuta kwenye menyu mahali pameandikwa Local, uzime. Moduli ikinyamaza kabisa, angalia chaneli. MIDI ina chaneli 16 kwenye waya moja, na makanga wa gari la Githurai akigonga bodi, dereva wa Rongai hasongi. Baadhi ya moduli za miaka ya 1990 pia zina swichi nyuma ya kuchagua MIDI au kompyuta. Ikikaa pabaya, utahangaika hadi asubuhi. Na ikiwa unacheza ngoma lakini inatoka piano, jaribu chaneli ya 10. Kwenye moduli zinazofuata mpangilio wa General MIDI wa 1991, hapo ndipo ngoma zinakaa.

Najua utaniambia: “Lakini siku hizi kila kitu kiko ndani ya laptopu, ya nini moduli?” Ni kweli. Kama una laptopu yenye nguvu na kinanda kipya cha USB, waya moja inatosha, piano zote ziko kwenye programu, na siwezi kukukataza. Lakini wengi wetu tuna laptopu za mtumba zinazohema ukifungua kurasa tatu za intaneti. Moduli inatengeneza sauti yenyewe, laptopu inabaki na kazi ya kurekodi tu. Isitoshe, makanisa mangapi mtaani yana kinanda chenye matundu yale ya pini tano ambayo hakuna aliyewahi kuyagusa? Nenda ukaangalie. Studio yako inaweza kuwa imefunikwa kitambaa kando ya madhabahu.

Halafu kuna jambo linalonigusa zaidi. Mwaka 1983 kampuni za vinanda zilizokuwa zikishindana sokoni zilikubali lugha moja. Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani ndio walioongoza mazungumzo hayo, na Januari ya mwaka huo kinanda cha kampuni moja kilichomekwa kwa cha kampuni nyingine mbele ya watu kwenye maonyesho, vikaelewana. Hawakuweka ada ya kutumia lugha hiyo. Ndiyo maana kinanda cha miaka 40 iliyopita bado kinaweza kuongea na laptopu yako leo. Mlango uliachwa wazi kwa makusudi, na sisi tumesimama nje tukimlipa mtu atufungulie.

Sikwambii uache chuo kama mimi. Mimi karo ilinishinda, na sioni cha kujivunia hapo. Ninachokwambia ni kwamba kukosa cheti si sababu ya kukosa kujua. Kijitabu cha kinanda chako mara nyingi kipo bure kwenye tovuti ya aliyekitengeneza. Programu ya kutengeneza muziki kama LMMS ni ya bure, na ya kurekodi sauti kama Reaper unaweza kuijaribu kwa siku 60. Waya ni bei ya chakula cha siku chache. Kilichobaki ni wewe kukaa chini Jumamosi moja, simu ukiwa umeizima.

Na ile kwaya? Nilirudia kazi bila malipo. Nilipomtumia Mama Mwenyekiti wimbo, piano ikiwa ndani, alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akaniandikia: “Kinanda kimerudi. Tuna nyimbo nyingine nne, utatutoza ngapi?”

Nilimtajia bei yangu. Safari hii sikuogopa, kwa sababu najua kila waya inaenda wapi. Wewe je, ile yako nyuma ya meza inaenda wapi?