Kahawa Tunaitafuna

Kuna sentensi ambayo nikiisikia siku hizi najiandaa kugombana: "Mkulima wa Kagera analima kahawa asiyoijua ladha yake." Nimeisikia kwenye semina, kwenye makala, kwenye video za vijana wenye migahawa Dar es Salaam. Mara ya mwisho niliisikia kwa mwezeshaji mmoja aliyekuja Muleba na boksi la vikombe vyeupe kuwafundisha wazee wetu kunusa. Husemwa kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo inayoniudhi kuliko sentensi yenyewe.

Mimi ni wa Ijumbi. Kwetu mgeni akishaketi, kabla hajaulizwa kilichomleta, huletewa kahawa ndani ya kikapu kidogo. Ni tunda lenyewe, limekauka, limekuwa jeusi. Tunaiita akamwani. Robusta huchumwa ikiwa bado ya kijani, huchemshwa kwa muda mrefu pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha huanikwa mpaka ikakauka kabisa. Wengine huipitisha kwanza kwenye moshi. Unatia moja mdomoni, unaipasua kwa meno, unatafuna taratibu huku mazungumzo yakiendelea. Uchungu hutangulia, harufu ya majani hufuata, usingizi unaaga. Msafiri aliibeba kwa sababu ilimsogeza mbele njaa ikimuuma. Na zamani watu wawili wakitaka kuwa ndugu wa damu, walichukua tunda moja la kahawa lenye punje mbili, kila mmoja akapaka punje damu yake, wakabadilishana, wakala. Watu walioapa kwa kahawa ndio leo wanaambiwa hawaijui.

Sisemi mambo yalikuwa mazuri tu. Enzi za Bakama, mibuni ilikuwa mali ya wenye nguvu na si kila mtu aliruhusiwa kupanda apendavyo. Akamwani ilikuwa heshima, na heshima haikugawanywa sawa. Ni kweli pia kwamba nyumba nyingi za kwetu asubuhi zinakunywa chai, ingawa kiwanda cha TANICA kiko pale pale Bukoba mjini. Lakini kutokunywa si kutokujua. Sijawahi kusikia mtu akisema Mhaya haijui ndizi kwa sababu hapiki keki ya ndizi.

Sentensi ile haisemwi bure, ina kazi. Mkulima akishatangazwa kuwa hajui anachouza, bei ndogo anayolipwa inakuwa tatizo la elimu yake, na dawa ya elimu ni semina. Katika ile ya Muleba tulizungumza siku nzima juu ya harufu ya chokoleti na ya malimao. Mzee mmoja akanyoosha mkono, akauliza kuhusu butura. Kwa msomaji asiye wa kwetu: butura ni kuuza kahawa ingali ua mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu ada ya mtoto au dawa ya mgonjwa haisubiri msimu. Serikali imeipiga marufuku, viongozi wameikemea kwenye mikutano, na bado ipo, maana shida inayoizaa ipo. Mwezeshaji alijibu kwa upole kwamba swali hilo liko nje ya mada. Kisha tukarudi kunusa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1937 Bukoba ilichafuka kwa sababu serikali ya Waingereza iliwaletea wakulima kanuni za namna ya kutunza kahawa yao, nao wakazikataa. Wakati ule pia mwenye shamba ndiye aliyehesabiwa kuwa mwanafunzi.

Sasa tugeukiane sisi wenyewe, vijana wa Kagera tuliosoma. Senene wamepata bahati. Msimu wao ukifika, kila mtu Dar anaomba atumiwe, picha zinapigwa, na aliyekuwa akitucheka kwa kula wadudu ananyoosha kiganja aongezwe. Hilo nalifurahia. Ila akamwani tunaificha. Tunasema ni ya wazee, tunasema ni chungu mno, nani ataitaka? Waaustralia wana Vegemite, uji mzito mweusi wa chumvi kali uliobuniwa Melbourne mwaka 1922 kutokana na hamira iliyobaki kwenye utengenezaji wa bia. Mgeni akiionja kwa mara ya kwanza mara nyingi hukunja uso. Wao hawajali, wanawapakia watoto wao kwenye mkate, wanaitia kwenye sanduku wanapohama nchi. Hawakungoja mtu wa nje aipende ndipo waione chakula. Sisi tunaye mgeni anayekunja uso na tunakimbilia kumwomba radhi.

Mwezeshaji yule alituambia pia kwamba kwenye kahawa kilicho na thamani ni punje, ganda ni taka. Kwa akamwani ganda na punje huenda pamoja mdomoni. Ndiyo maana ya kuchemsha tunda zima. Basi, Januari 2022 Umoja wa Ulaya uliidhinisha nyama ya tunda la kahawa iliyokaushwa, ya arabika na ya robusta, itumike kwenye vinywaji. Huko huitwa cascara, neno la Kihispania lenye maana ya ganda. Iliingizwa kwenye orodha ambayo jina lake rasmi ni ya vyakula vipya.

Nilimsomea babu habari hiyo kwenye simu, nikimtafsiria. Alikuwa na moja mdomoni. Akaisogeza shavuni kwanza, akauliza: "Kilo wananunua shilingi ngapi?"